Mkwara Kwenye Poka ya Dau Dogo: Mwongozo kwa Meza za Malindi

Poka inayochezwa Malindi nje ya kasino ni poka ya watu wanaojuana. Meza ya plastiki iko kibarazani Maweni au nyuma ya duka kule Barani, na watu sita au saba wameizunguka: mwenye tuktuk, keshia wa hoteli, fundi wa AC, na pengine mzee wa Kiitaliano aliyehamia huku baada ya kustaafu. Blaindi, yaani madau ya lazima ya kuanzia ambayo watu wawili huweka kila mchezo, ni shilingi 10 na 20, kila mtu anaingia na 2,000. Mchezo ni Texas Hold'em: karata mbili mkononi, tano za wote mezani, raundi nne za kuweka dau.

Kwenye meza kama hizi kuna malalamiko yasiyokwisha: "Huku mkwara haupiti, watu wanalipa tu." Mkwara ni kuweka dau ukiwa huna karata nzuri ili wenzako watupe zao na kutoka; kulipa ni kuweka kiasi kilekile ili ubaki. Mimi sikubali malalamiko hayo. Mkwara unapita, ila wengi wanauchimba kwa mtu asiyetishika, kisha wanashangaa akilipa. Kumchagua mtu ndiyo kazi kubwa kuliko uso mkavu, kuliko ujasiri, kuliko hata karata ulizoshika. Hayo mengine yana nafasi yake na tutayafikia.

Kwanza mambo mawili. Kama hujatimiza miaka 18, poka ya pesa si yako. Na kama ni mchezo wa nyumbani, mwenye nyumba asikate chochote kwenye poti (pesa zote zinazoshindaniwa mezani); akianza kukata, hapo ni biashara ya kamari na biashara hiyo ina leseni zake. Kwa wale ambao dini yao haiwaruhusu kamari, na hapa pwani ni wengi, mafunzo haya yote yanafanyika kwa komwe za bao. Sharti ni moja: kila mtu apewe komwe 100, na zikimwishia amekwisha hadi mchezo mzima umalizike. Ukiruhusu mtu achote nyingine bure, hakuna atakayetupa karata, na pasipo mtu wa kutupa karata huwezi kujifunza mkwara.

Hatua ya 1: Saa ya kwanza, soma watu

Usichimbe mkwara wowote saa ya kwanza. Hata ukitupa karata zako mapema, usishike simu. Wachezaji wengi wakishatupa huanza kuperuzi, na hapo ndipo wanapokosa darasa. Wewe tazama ni nani anafika mwisho na nini. Karata zikifunuliwa, rudi nyuma kichwani: huyu alilipa dau la 200 akiwa na jozi ya 4? Huyu alitupa alipopandishiwa dau mara moja tu?

Utawaona wa aina tatu.

Wa kwanza ni mtaka kuona. Maneno yake ni "ngoja nione tu" au "nimefika hapa, siwezi kutoka". Halipi kwa sababu amekuamini au hajakuamini. Analipa kwa sababu hawezi kulala bila kujua ulikuwa na nini. Huyu usimchimbie mkwara leo, kesho, wala Idi. Kwake ni karata nzuri tu, na dau kubwa.

Wa pili ni mlinzi. Ana karata nzuri ya kadiri lakini anaogopa kuaibika akilipa halafu ashindwe. Hupanga chipu zake (vidonge vya kuchezea badala ya pesa) vizuri kwa rangi na kuzihesabu kila baada ya mkono, yaani kila karata zikishagawiwa na kuchezwa hadi mwisho. Mara nyingi yuko juu kidogo, ana 2,600 au 2,800, na anapenda kurudi nyumbani na hiyo faida. Huyu ndiye mtu wako. Atatupa jozi kubwa ukimwambia vizuri.

Wa tatu ni aliyechemka. Amepoteza poti kubwa sasa hivi, anaongea kwa sauti, anacheza kila mkono. Mtu aliyechemka hatishiki, anatafuta wa kugombana naye. Subiri apoe au ajaze pesa upya.

Kumbuka kwamba mtu hubadilika usiku ukiendelea. Mlinzi akipigwa poti mbili mfululizo anakuwa mtaka kuona. Na mtaka kuona akifidia hasara yake yote na kufika 2,000 alizoingia nazo, kwa nusu saa hivi anageuka mlinzi, kwa sababu hataki kuzama tena. Nusu saa hiyo ni ya thamani sana, na wengi hawaijui.

Hatua ya 2: Jenga heshima kabla ya kuihitaji

Cheza mikono michache, kama miwili kwa kila kumi, na ukiingia ingia kwa kupandisha. Ukishinda mwisho kwa karata nzuri, zifunue polepole watu wazione. Hujionyeshi, unawapa kumbukumbu. Saa ya tatu utakapoweka 700 ukiwa huna kitu, mlinzi atakumbuka ree mbili ulizofunua mapema (ree ni ile karata ya A).

Kinyume chake pia ni kweli. Anayeingia kila mkono hana mkwara, hata awe na uso wa jiwe.

Hatua ya 3: Anza na mkwara wenye akiba

Mkwara salama zaidi kwa anayejifunza ni ule ambao ukilipwa bado unaweza kushinda. Chukua karata nne za rangi moja (shupaza, kopa, uru au pau) baada ya flopu (karata tatu za kwanza za mezani), yaani mbili zako na mbili za mezani. Kila rangi ina karata 13, umeona 4, zimebaki 9. Hujaziona karata 47, kwa hiyo nafasi ya kupata ya tano, na kutimiza kile kinachoitwa "rangi", kwenye karata inayofuata ni karibu asilimia 19, na kwa karata zote mbili zilizobaki ni karibu asilimia 35. Mfuatano wazi pande mbili, kama 6-7-8-9 unaosubiri 5 au 10, una karata 8 za kukuokoa, ambazo ni karibu asilimia 31 hadi mwisho.

Sasa ukiweka dau hapo una njia mbili za kuchukua poti: mwenzako atupe sasa, au alipe na wewe upate. Anayegonga meza, yaani kupitisha zamu bila kuweka dau, na kusubiri ana njia moja tu.

Karata usizozichezea mkwara ni za katikati. John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria aliyeweka msingi wa hesabu ya michezo mwaka 1928, alipoichambua poka kwa hesabu aligundua jambo ambalo wachezaji wa kienyeji hulipinga hadi leo: dau la nguvu huwekwa na karata bora kabisa na karata mbovu kabisa, na za katikati hugonga meza. Sababu inaeleweka. Ukiwa na jozi ya 8 na mezani kuna kingi, dau kubwa litawatoa walio chini yako na kuwabakiza walio juu yako. Jozi hiyo ina thamani ya kufika mwisho kwa bei nafuu. Karata mbovu haina thamani nyingine. Thamani yake pekee ni mwenzako kutupa.

Hatua ya 4: Dau liume

Hesabu yake ni fupi, na ningependa uishike kichwani kuliko kitu kingine chochote kwenye mwongozo huu. Poti ina 600. Ukiweka 300, mkwara ukipita mara 1 kati ya 3 hupati hasara. Ukiweka 400, upite mara 2 kati ya 5. Ukiweka 600, upite nusu ya mara. Kanuni ni hii: gawa dau lako kwa jumla ya dau na poti.

Watu wa dau dogo wanakosea upande mmoja tu. Poti ina 600, wanaweka 100 "nijaribu". Mwenzako sasa analipa 100 kwa ajili ya kupata 700. Hata akishinda mara 1 kati ya 8 pesa yake imerudi. Nani atatupa hapo? Umemfungulia mlango.

Angalia pia rangi za chipu. Kama nyekundu ni 20 na kijani ni 100, mtu atasukuma nyekundu tano bila hata kuacha hadithi anayosimulia. Mwambie asukume kijani moja, mkono unasimama juu ya rundo. Thamani ni ileile. Kwa hiyo mkwara wako uwe wa kumlazimisha afike kwenye rangi anayoionea huruma, na dau la 500 liweke kwa kijani tano zilizopangwa wima, si kwa lundo la nyekundu.

Na hesabu watu walio mbele yako. Tuseme kila mmoja hutupa mara 6 kati ya 10. Ukiwa na mmoja, mkwara unapita asilimia 60. Wakiwa wawili ni 36. Watatu ni karibu 22. Meza zetu hupenda watu wanne au watano waone flopu pamoja, na huko mkwara mtupu ni sadaka. Subiri poti ya wawili.

Hatua ya 5: Hadithi ianze mwanzo

Mlinzi anapofikiria kulipa au kutupa, anarudia mkono mzima kichwani. Akipata sehemu isiyoingiana, atalipa. Ndiyo maana mkwara unaozuka kwenye karata ya mwisho, baada ya wewe kugonga meza raundi mbili, unanuka.

Nikupe mkono mmoja tuufuate hatua kwa hatua. Kitufe cha mgawaji kiko kwako, unaongea wa mwisho. Una ree ya shupaza na jeki ya uru. Unapandisha hadi 80. Wote wanatupa isipokuwa mlinzi aliyeko kwenye blaindi kubwa, analipa. Poti ina 170.

Flopu: 9 ya shupaza, 6 ya shupaza, 2 ya kopa. Anagonga meza. Unaweka 100, analipa. Poti 370. Mpaka hapa anakuona kama mtu mwenye jozi kubwa, 10 mbili au kingi mbili. Na wewe mfikirie: watu wa aina hii wakilipa hapa mara nyingi wana 9, au jozi ndogo mkononi, au shupaza mbili.

Karata ya nne: 4 ya shupaza. Anagonga tena. Sasa mezani kuna shupaza tatu na wewe una ree yake. Shupaza 9 zilizobaki zinakupa rangi kubwa kuliko zote, na pia unajua kitu yeye asichokijua: rangi ya ree hana, kwa sababu ree unayo wewe. Unaweka 250. Huu ni mkwara wenye akiba. Anafikiri, analipa. Poti 870.

Karata ya mwisho: kingi ya kopa. Hukupata chochote. Anagonga meza.

Hapa wengi wanakata tamaa, ilhali hadithi yako ndiyo kwanza imekamilika. Ulipandisha mwanzo, ukaweka dau kwenye flopu, ukaongeza dau shupaza ya tatu ilipoingia, na sasa kingi imeangukia mtu aliyeanza na karata kubwa. Ungekuwa na rangi ungecheza hivi hivi. Ungekuwa na ree na kingi, vivyo hivyo. Weka 700. Ukigawa 700 kwa 1,570 unapata kama asilimia 45, yaani mkwara huu unahitaji kupita chini kidogo ya nusu ya mara. Mlinzi mwenye 9 na 10 anaona rangi, anaona kingi, anaona chipu saba za kijani, na anakumbuka zile ree mbili. Mara nyingi atatupa. Akiwa na shupaza mbili atalipa, na hapo huna la kufanya; ulishajua kwamba huenda anazo.

Mkono huohuo dhidi ya mtaka kuona? Unagonga meza kwenye karata ya mwisho na kukubali. Karata zilezile, meza ileile, uamuzi tofauti.

Mkwara mmoja maarufu sana duniani ulipita kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2003 huko Las Vegas, fainali ya mashindano makuu ya World Series of Poker ilibaki na watu wawili: Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, na Sam Farha, mchezaji wa kulipwa. Moneymaker alishika kingi ya shupaza na 7 ya kopa. Mezani 9, 6 na 8 zote za shupaza, na 2 ya uru. Alisubiri rangi na mfuatano kwa pamoja, akapandisha kwenye karata ya nne. Ya mwisho ikawa 3 ya kopa, akakosa vyote viwili, akaingiza chipu zote. Farha alikuwa na jozi ya 9, hapakuwa na jozi kubwa kuliko hiyo mezani. Alifikiri, akatupa. Moneymaker akaenda kushinda dola milioni 2.5. Watu husifu ujasiri wake, na ni haki yake. Mimi naona zaidi kwamba mbele yake alikaa mtu mwenye uwezo wa kutupa jozi ya 9. Hilo ndilo lililoufanya mkwara uwezekane.

Hatua ya 6: Mwili wako na wao

Usihangaike kutengeneza uso. Tengeneza utaratibu. Kila unapoweka dau, uwe na ree mbili au huna kitu, fanya vilevile: vuta pumzi mbili, kata chipu zako, zisukume kwa mkono mmoja, rudisha mikono juu ya meza, kazia macho sehemu moja, kwa mfano ukingo wa poti. Nyamaza hadi mkono uishe. Mtu akikuuliza "una nini wewe?", usijibu hata kwa tabasamu. Ukiwa na mazoea ya kujibu ukiwa na karata nzuri na kunyamaza ukiwa mtupu, keshia wa hoteli atakujua kabla ya kahawa ya pili, maana kazi yake ni kutazama mikono ya watu na noti.

Kisha wasome wao. Zikifika karata zako, usiziangalie kwanza. Mtazame wa kushoto kwako anavyoziangalia zake. Wengi wanaotaka kutupa hushika karata tayari kuzirusha hata zamu haijafika. Flopu ikifunuliwa, aliyepata kitu hutupia chipu zake jicho la haraka kisha anaangalia pembeni. Karata ya tatu ya rangi moja ikiingia mezani na mtu akainua karata zake kuzichungulia upya, jua hana rangi iliyotimia: aliye nayo anakumbuka vizuri alichoshika. Huyo anachungulia kama ana angalau karata moja ya rangi hiyo. Ni wakati mzuri sana wa kuweka dau la nguvu, kama ni mlinzi.

Na anayeshusha pumzi, anayeinua mabega, anayesema "aah, basi tu, nalipa" kwa sauti ya unyonge kisha anapandisha? Kimbia. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Ugeni nao una mambo yake. Msimu wa kaskazi, Waitaliano wanapojaa mjini, meza huwa na sura mpya, na mgeni humjui. Kwa usiku wa kwanza mhesabu kama mtaka kuona, mpaka akuonyeshe vingine. Watu wa likizo wamekuja kucheza, hawakuja kutupa karata.

Hatua ya 7: Ukipita, ukikamatwa

Mkwara ukipita, sukuma karata zako kwa mgawaji zikiwa zimefunikwa na uchukue poti. Usizifunue ili ucheke. Kila mkwara unaoufunua unamgeuza mlinzi kuwa mtaka kuona, na walinzi kwenye meza ya watu saba huwa wawili tu, watatu ukibahatika.

Ukikamatwa, sema "umeona vizuri" na ufunue bila maneno mengine. Usimlaumu kwa kulipa. Usijaribu kurudisha pesa hiyo kwa mkwara mwingine mkono unaofuata, hata nafasi ikionekana nzuri, kwa sababu kwa muda huo hakuna anayekuamini. Hiyo pia ni fursa, na ndiyo inayofidia mikwara iliyokataa. Kwa saa nzima inayofuata, rudi kwenye mikono michache ya hatua ya pili na uache mkwara kabisa. Ukipata jozi mbili au zaidi, ongeza dau: pale ungeweka 300 weka 450, pale ungeweka 500 weka 700, kwa utaratibu uleule wa pumzi mbili na mkono mmoja. Watalipa, hata walinzi. Ukishashinda mikono miwili ya namna hiyo na karata zimeonekana, anza upya kuwatazama wanaohesabu chipu zao.